Chozi au Tone? Kuisoma Upya Michoro ya Sahara ya Kale

Kusini ya mji wa Djanet, nchini Algeria, pana mwamba usio mrefu uliochomoza mchangani mahali panapoitwa Tegharghart. Juu ya mwamba huo mkono wa mtu wa kale, aliyeishi kabla ya maandishi kufika pande hizo, umechonga vichwa vya ng'ombe wenye pembe ndefu, vimepangana na kupandana, midomo ikielekea chini. Mistari yake ni mipana na imesuguliwa hata ikawa laini kama tumbo la bakuli. Chini ya jicho pana alama ndogo yenye umbo la tone, iliyochongwa kwa uangalifu ule ule uliotumika kwenye pembe. Wafaransa waliipa kazi hiyo jina la Ng'ombe Aliaye, na jina likashika. Hekaya wanayosimuliwa wageni ni kwamba mchungaji alilipeleka kundi lake majini, akakuta maji yamekauka, wanyama wakafa kwa kiu, naye akakaa akachonga kilio chao.

Hekaya hii ni nzuri, na ndiyo maana inafaa kutiliwa shaka. Mtu ambaye kazi yake ni kutunga, na zaidi ya kutunga kufasiri, hujifunza mapema kuliogopa neno linalokuja haraka na kukaa vizuri mno. Swali langu ni dogo: ni nani aliyesema kuwa lile ni chozi? Kiswahili kinatupa maneno mawili, na tofauti yake ni kubwa. Kila chozi ni tone, lakini si kila tone ni chozi. Aliyeichonga alama ile hakutuachia neno. Neno limewekwa na mtu aliyefika miaka elfu kadhaa baadaye, akaliona jangwa kwanza na mwamba baadaye, kisha akauvika mwamba huzuni ya jangwa.

Ng'ombe aliyeinamisha kichwa na midomo yake ikaelekea chini, aghalabu anakunywa. Yeyote aliyechunga hata siku moja analijua hilo. Na alama iliyo chini ya jicho huenda ni maji, huenda ni chapa ya mwenye mifugo, huenda ni pambo tu la usoni ambalo macho yetu hayana habari nalo. Sidai kuwa ninalo jibu. Ninachodai ni kuwa michoro ya Sahara imesomwa mno kama shairi la maombolezo, ilhali sehemu kubwa yake, ikisomwa pamoja na yale yaliyofukuliwa ardhini chini yake, ni kazi ya watu walioyafuata maji, wakayachimba, wakayahifadhi, wakabadili chakula na mnyama kila maji yalipobadilika. Tofauti hiyo si ya istilahi tupu. Mtu anayelia anahurumiwa. Mtu anayefanya kazi inabidi aulizwe anafanyaje.

Kwanza tuseme machache juu ya mvua, kwani bila ya hayo hakuna linaloeleweka. Tangu yapata miaka 11,000 iliyopita, na mahali pengine kabla ya hapo, hadi kadiri ya miaka 5,000 iliyopita, Sahara haikuwa hii tuijuayo. Mkao wa dunia mbele ya jua, ambao hugeuka polepole kwa mzunguko wa miaka elfu ishirini na kitu, ulilifanya jua la kiangazi cha kaskazini kuwa kali zaidi kuliko la leo. Bara likapata joto, likaivuta pepo ya mvua kutoka baharini hadi mbali kaskazini. Palikuwa na nyasi, mito ya msimu na maziwa. Ziwa Chad lilipanuka likafikia zaidi ya kilomita za mraba 300,000, ambazo ni zaidi ya mara nne ya Ziwa Viktoria la leo. Mvua hiyo haikunyesha bila kukatika. Pana wakati ilisita kwa mamia ya miaka, ikarudi, ikasita tena.

Wasomaji wa pwani wana sababu yao ya kutabasamu hapa. Ukingo wa kusini wa Sahara huitwa Sahel, na neno hilo ni la Kiarabu lenye maana ya ufuo. Ndilo hilo hilo ambalo kwa wingi wake limetupa sisi jina la Waswahili. Waliolizoea jangwa waliliona kama bahari, na nchi iliyo baada yake wakaiona kama pwani. Hii ni istiari iliyogeuka ramani.

Turudi kwenye majina. Mwaka 1933 László Almásy, msafiri wa Kihangari, alifika Wadi Sura katika nyanda za juu za Gilf Kebir, kusini-magharibi ya Misri, akakuta pango dogo lenye vijitu vilivyonyoosha mikono na miguu, miili imelala ubavu kana kwamba inaelea. Akaliita Pango la Waogeleaji, akaamini kuwa hapo karibu palikuwa na maji ya kuogelea. Jina hilo liliingia katika riwaya ya Michael Ondaatje, *The English Patient*, ya mwaka 1992, kisha katika filamu ya 1996, na tangu hapo pango limekuwa maarufu duniani. Sina ugomvi na riwaya. Nathari yake ina ulaini ambao mshairi yeyote angeuonea kijicho. Lakini angalia pango linafanya kazi gani humo: ni mahali pa mapenzi na mauti ya wageni waliofika jana. Waliochora hawapo. Wametumika kama pazia la nyuma jukwaani, na maji yao yametumika kama kumbukumbu ya kitu kizuri kilichopotea, kitu ambacho hata hivyo hakikuwa cha wahusika wa kisa.

Mtaalamu wa Kifaransa Jean-Loïc Le Quellec ametoa usomaji mwingine. Kwake yeye wale si waogeleaji bali ni wafu, nao wanaelea katika maji ya mwanzo wa ulimwengu, mfano wa yale ambayo Wamisri wa baadaye waliyataja katika maandishi yao ya mazikoni. Hoja yake ilipata nguvu baada ya mwaka 2002, lilipogunduliwa pango jingine kubwa zaidi jirani na lile, liitwalo Pango la Wanyama, ambamo vijitu vya namna ile vinaelekea kwa mnyama mkubwa asiye na kichwa. Wanaompinga husema kuwa umbali wa wakati baina ya michoro na maandishi ya Misri ni mrefu mno. Mimi naona jambo jingine: Almásy na Le Quellec, pamoja na kutofautiana kwao, wote wawili wameanza na maji. Mmoja ameyachukua kwa maana ya wazi, mwingine kwa maana ya ndani. Hakuna aliyeanza na mwili wenyewe, akauliza katika ngoma au katika ndoto ni wapi mtu hulala ubavu hewani. Ukishalisikia jina la waogeleaji huwezi tena kuuona ukuta mkavu.

Pango hilo la Wanyama lina funzo jingine, na nalisimulia kwa kuwa linafurahisha. Humo mna mamia ya alama za viganja, zilizopatikana kwa kuweka mkono ukutani na kupuliza rangi pembezoni mwake. Baadhi ni vidogo sana, na kwa muda watu walisema ni mikono ya watoto wachanga. Wengi waliguswa kwa hilo. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Emmanuelle Honoré walivipima viganja hivyo, wakavilinganisha na mikono ya watoto, wakasema si vya binadamu. Yaelekea ni nyayo za mjusi mkubwa, wa jamii ya kenge. Kisa cha mama na mwanawe kikayeyuka. Badala yake pakawa na swali bora zaidi: kwa nini mtu aliweka unyayo wa kenge ndani ya kiganja chake mwenyewe? Maana baadhi ya alama hizo zimewekwa hivyo hasa, ndogo ndani ya kubwa.

Lakini aliyetia majina kwa mkono mpana kupita wote ni Henri Lhote. Mwaka 1956 na 1957 aliongoza kundi la wachoraji katika Tassili n'Ajjer, uwanda wa mawe ulio kusini-mashariki ya Algeria, wakanakili mamia ya michoro kwa ukubwa wake halisi. Nakala hizo zilionyeshwa Paris, na kitabu chake cha mwaka 1958 kikasomwa kwa lugha nyingi. Lhote ni msimulizi hodari, hilo lazima lisemwe. Kiongozi wake wa njia alikuwa Mtuareg, Jebrine ag Mohamed, ambaye bila ya yeye asingefika mahali. Huko Jabbaren alikuta umbo la mita kadhaa lenye kichwa cha duara kisicho na uso, akaliita, kwa mzaha, Mungu Mkuu wa Mars. Mzaha ukatoka mikononi mwake. Miaka kumi baadaye Erich von Däniken aliuchukua kuwa ushahidi wa wageni kutoka sayari nyingine, na hadi leo wapo wanaoamini kuwa Mwafrika wa kale alikuwa karani tu wa kuandika ziara ya wakubwa. Jabbaren, kwa lugha ya Watuareg, wanasema ni majitu. Msomaji wa Kiswahili hataacha kuisikia humo sauti ya *jabari*. Jina la wenyeji lilikuwa limekwisha kusema kuwa haya ni makubwa na yana haiba. Mars ya nini?

Kuna la kusikitisha zaidi. Ili rangi zionekane vizuri, kundi la Lhote lilizilowesha kuta kwa maji, na maji hayo yaliharibu kile yalichokusudiwa kukidhihirisha. Aidha, baadhi ya nakala zilizosifiwa, za wanawake wenye vichwa vya ndege kwa mtindo wa Kimisri, zilikuja kujulikana kuwa ni uzushi wa wachoraji wake mwenyewe. Kwa mfasiri hii ni hadithi kamili: asili imeoshwa, na katika tafsiri pameingizwa beti ambazo mtunzi hakuzitunga.

Kinyume cha Lhote namweka Amadou Hampâté Bâ wa Mali, na hapa naomba nikae kidogo, kwani ni nadra kumsikia akitajwa katika mazungumzo haya. Hampâté Bâ alikuwa Mfulani, mtu wa kabila la wachungaji, aliyebeba kichwani maarifa ya simulizi ya watu wake. Alipoziona nakala za michoro ya Tassili ya zama za ng'ombe, alitambua mambo. Mwaka 1966, pamoja na Germaine Dieterlen, alichapisha uchambuzi unaoilinganisha baadhi ya michoro hiyo na mila za Wafulani, na miongoni mwa mambo aliyoyaona ni *lotori*, sherehe ya kuwaosha ng'ombe majini, inayofanywa kukumbuka kuwa ng'ombe asili yake ni majini. Mahali ambapo jicho la Ulaya liliona ng'ombe waliochorwa ovyo, miili yao ikikatika, yeye aliona ng'ombe walio katikati ya maji, wanaoingia na kutoka.

Wataalamu wengi hawakuupokea usomaji huo, na sababu zao si dhaifu. Kati ya mchoraji na Hampâté Bâ kuna miaka elfu kadhaa, na mila haisafiri muda huo wote bila ya kubadilika. Nami sithubutu kusema kuwa waliochora Tassili walikuwa Wafulani. Hata hivyo naupa usomaji wake daraja ya juu kuliko ule wa Mars, na hata kuliko ule wa machozi, kwa sababu moja: yeye aliuliza mchungaji anafanya nini na ng'ombe wake mbele ya maji. Alianza na kazi. Huenda jibu si sahihi, lakini swali ni la mtu aliyepata kushika kamba ya ndama.

Sasa tutoke ukutani tushuke sakafuni, maana katika mapango haya sakafu nayo ni maandishi. Katika milima ya Acacus, kusini-magharibi ya Libya, pana hifadhi ya mwamba iitwayo Takarkori, iliyofukuliwa na Savino di Lernia na wenzake. Mifupa ya wanyama iliyopatikana humo inakaribia vipande 18,000, na takriban asilimia 80 ni ya samaki: kambare na perege. Samaki, katikati ya Sahara! Watafiti walipoipanga mifupa hiyo kwa umri wake, katika kazi iliyotoka mwaka 2020, waliona kuwa katika tabaka za chini, za kati ya miaka 10,200 na 8,000 iliyopita, samaki walikuwa kadiri ya asilimia 90 ya mifupa yote; katika tabaka za juu, zinazoishia yapata miaka 4,650 iliyopita, walikuwa wameshuka hadi asilimia 40. Hapo ndipo ninapokusomea kukauka kwa Sahara, msomaji mpenzi. Sikusomei katika chozi. Maji yanapungua, kambare wanapungua, na mikono inahama kutoka kwenye nyavu kwenda kwenye chuchu za ng'ombe.

Maana maziwa nayo yameacha ushahidi. Katika vigae vya vyungu vya Takarkori vya yapata miaka 7,000 iliyopita yamekutwa mabaki ya mafuta ya maziwa yaliyonyonywa na udongo; matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2012. Ukilifikiri jambo hili vizuri utaona akili iliyomo. Nyama ya ng'ombe huliwa mara moja. Maziwa huyageuza majani machungu, ambayo mtu hawezi kuyala, kuwa chakula cha kila siku, nayo ni kinywaji vile vile. Ng'ombe akawa kisima kinachotembea. Na hata kabla ya ng'ombe wa kufugwa, katika pango jirani la Uan Afuda, wawindaji waliwafungia zizini kondoo mwitu wa milimani. Samadi yao imelala humo tabaka kwa tabaka. Hawa ni watu waliokuwa wakijaribu. Mwaka 2025 zilichapishwa habari za nasaba za wanawake wawili waliozikwa Takarkori miaka 7,000 iliyopita. Sehemu kubwa ya asili yao ni ya watu wa kale wa Afrika Kaskazini waliokaa peke yao kwa muda mrefu, na kutokana na hilo watafiti wanaona kuwa ufugaji ulifika kwao zaidi kwa kuigana na kufunzana kuliko kwa kuvamiwa na wageni.

Upande wa mashariki, katika jangwa la kusini mwa Misri, yapata kilomita 100 magharibi ya Abu Simbel, kuna Nabta Playa. Lilikuwa bonde linalojaa maji baada ya mvua za kiangazi na kukauka baadaye. Fred Wendorf na wenzake walifanya kazi hapo tangu miaka ya 1970, wakakuta vibanda vilivyopangwa kwa safu, mashimo ya kuhifadhia chakula, punje za mtama wa porini na visima virefu. Visima ndivyo vinavyonishika. Kabla ya kisima, mtu hukaa pale maji yalipo na huondoka yanapoondoka. Kisima ni kukataa kuondoka. Au tuseme ni kuichelewesha safari. Baadaye watu wale wa Nabta walizika ng'ombe mchanga katika chumba kilichokandikwa udongo na kufunikwa kwa rundo la mawe, wakasimamisha mawe makubwa kwa mpango unaowashughulisha wataalamu hadi leo. Kama watu wa zama zile waliwahi kumlilia ng'ombe, ni hapo, na walimlilia kwa kubeba mawe.

Lakini nisije nikageuza shairi la maombolezo kuwa wimbo wa kujisifu. Pana wakati ambapo akili na juhudi hazikutosha. Gobero, katika jangwa la Ténéré nchini Niger, iligunduliwa mwaka 2000 na msafara wa Paul Sereno: ufuo wa ziwa la kale lenye makaburi takriban 200. Wa kwanza kukaa hapo walikuwa wavuvi warefu wa mwili, wenye ndoana na vyusa vya mifupa, waliovua sangara. Kisha mvua ilikatika kwa karibu miaka elfu moja na ufuo ukabaki mtupu. Ziwa liliporudi walikuja watu wengine, wembamba zaidi, wenye vyombo vya namna nyingine na ng'ombe wachache. Wale wa kwanza hawakurudi. Miongoni mwa makaburi ya hao wa pili kuna la mwanamke aliyelazwa ubavu na watoto wawili mbele yake, mikono yao imesokotana; chavua iliyokutwa hapo inaonyesha kuwa pengine walilazwa juu ya maua. Hilo lina miaka kama 5,300. Sina uhakiki wa kulifanyia.

Baada ya kuyaona hayo, tunaweza kurudi kwenye kuta na kuzisoma kwa mpango mwingine. Wataalamu wameigawa sanaa ya Sahara katika zama, na zama nyingi zimepewa jina la mnyama: wanyama wakubwa wa porini pamoja na nyati wa kale, kisha ng'ombe, kisha farasi, na mwisho ngamia. Baina ya nyati na ng'ombe, au pamoja nao, huwekwa wale watu wa vichwa duara. Mipaka yake inabishaniwa, lakini mfuatano huo wenyewe ni utenzi wa maji. Ng'ombe kwenye joto hutaka kunywa kila siku au kila siku ya pili. Hawezi kwenda mbali na kisima. Ngamia, aliyeenea Sahara yapata miaka 2,000 iliyopita, hukaa wiki na zaidi. Kila mnyama mpya ukutani ni umbali mpya baina ya maji na maji.

Na wachoraji wa baadaye mara nyingi hawakutafuta mwamba mtupu. Walichora juu ya kazi za waliowatangulia, wakaacha miguu ya twiga wa kale ikionekana kati ya ng'ombe. Wapo wanaoliita jambo hilo uharibifu. Sisi tuliokulia kwenye majibizano ya malenga, ambapo shairi hujibiwa kwa bahari ile ile na vina vile vile ili wa pili aonekane amemsikia wa kwanza, tungeliita jawabu. Aliyechora ng'ombe juu ya twiga hakuwa mjinga wa twiga. Huenda hakupata kumwona hai hapo, lakini alijua kuwa ukuta ule una msemaji.

Nimeulizwa katika baraza moja kama jangwa lilifika ghafla au polepole, na swali hilo si la wanasayansi peke yao, kwani chozi linahitaji ughafla. Mwaka 2000 Peter deMenocal na wenzake, kwa kusoma tope la sakafu ya bahari mbali kidogo na pwani ya Mauritania, walisema mabadiliko yalikuwa ya haraka, yapata miaka 5,500 iliyopita. Mwaka 2008 Stefan Kröpelin na wenzake walileta ushahidi wa Ziwa Yoa, kaskazini-mashariki ya Chad, ziwa ambalo bado lipo kwa kulishwa na maji ya kale yaliyomo ardhini. Tope lake limejipanga mwaka kwa mwaka kwa miaka 6,000, nalo linaonyesha majani na miti ikibadilika taratibu, kizazi baada ya kizazi. Yawezekana wote wamesema kweli, kila mmoja kwa mahali pake. Sahara ni pana na haikukauka siku moja. Kwa mtu wa Yoa hapakuwa na siku ambayo angesimama akasema leo jangwa limeingia. Alijua tu kuwa babu yake alikata kuni mahali ambapo yeye hazipati.

Na watu walihama. Kröpelin na Rudolph Kuper walikusanya, mwaka 2006, tarehe za kaboni kutoka machimbo takriban 150 ya mashariki ya Sahara, na ramani zao zinaonyesha makazi yakipungua jangwani tangu yapata miaka 7,300 iliyopita, yakishikilia milima yenye chemchemi, kisha yakielekea Sudan na Bonde la Nile. Wafugaji walizidi kusogea kusini. Hadi Ziwa Turkana, hapa Kenya, ambalo nalo lilikuwa likishuka kwa kasi, walifika yapata miaka 5,000 iliyopita, na huko Lothagam wakajenga makaburi ya pamoja yenye nguzo za mawe, ambamo wanakisiwa kulazwa watu wasiopungua 580, wakubwa kwa wadogo, wengi wakiwa na mapambo yao: shanga za maganda ya mayai ya mbuni, vito vya rangi, na mmoja kitambaa cha kichwa kilichopambwa kwa meno ya panya wa jangwani. Kazi hiyo ilitangazwa mwaka 2018. Hakuna kaburi lililoinuliwa juu ya mengine kwa utajiri. Sipendi kulibebesha jambo hilo maana kupita uwezo wake, lakini nalitaja kwa wanaodhani kwamba ukame lazima uzae wababe.

Limebaki suala la istilahi, ambalo kwa jarida la lugha si dogo. Anayetaka kuandika kwa Kiswahili juu ya michoro hii asichukue majina ya Kifaransa na Kiingereza na kuyageuza neno kwa neno. *Waogeleaji* ningewaita *waeleaji*: neno hilo linabakiza mwili hewani na halidai bahari. Ng'ombe wa Tegharghart ningewaita kwa jina la mahali pao, basi. Tassili n'Ajjer vitabu vingi huifasiri kuwa uwanda wa mito, lakini Ajjer ni jina la Watuareg wenyewe wa hapo, Kel Ajjer, kwa hiyo heri liachwe kama lilivyo. Gumu kuliko yote ni *guelta*, yale maji yanayobaki katika shimo la mwamba baada ya mvua kupita, ambayo yamewanywesha watu na wanyama wa Sahara tangu zama hizo. Katika guelta ya Archei, huko Ennedi nchini Chad, wamo hadi leo mamba wachache waliosalia tangu nchi ilipokuwa na mito. *Dimbwi* halina kina. *Bwawa* lina tope na majani. *Birika* limejengwa kwa mkono, na msikiti uko karibu. *Kisima* kimechimbwa. Kwa sasa natumia *jito la mwamba*, kwa maana ya jicho, ingawa najua atatokea mtu atakayelisikia na kuuliza kama nalo linalia.